Orkide Iliyojigeuza Katika Parsele Yangu

Nilisema asante. Hilo ndilo baya kuliko yote, ndiyo maana ninaanza nalo. Orkide yangu ilikuwa inaungua ndani ya nusu ya pipa, fimbo zake, mashina yake, zinatoa povu kwenye ncha sababu zilikuwa zimejaa maji, na mimi nikamutazama yule aliyewasha moto, agronomu wa proje, yaani bwana shamba wa muradi, nikamwambia, "Asante, bwana agronomu." Akainamisha kichwa kama mutu anayepokea haki yake. Presidanti wa chama chetu cha maua akapiga makofi, na wamama wengine wakamufuata. Tena ni mimi mwenyewe niliyeitoa orkide ile kwenye bidoni yake, dumu lililokatwa, na kuibeba mpaka kwenye pipa. Hakuna aliyenisukuma. Niliikumbatia kama mutoto anayepelekwa kwenye sindano, nikailaza juu ya majani makavu, nikarudi nyuma hatua mbili, nikasema asante.

Ukitaka kujua namna gani mutu anaweza kufanya vile, inabidi nirudi mbali kidogo.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri. Haya ninayaandika na bik kwenye kaye, daftari ya shule, kwenye meza ninayokatia sombe, majani ya muhogo. Wenye kujua kuandika wasahihishe herufi, lakini wasiguse niliyosema juu ya wale wawili. Majina yao siandiki, na langu siandiki, sababu Bunia ni muji mukubwa kwa mapikipiki na mudogo kwa maneno. Lakini wao wanajijua. Mumoja ni yule mwenye koti ya kaki na bik tatu mufukoni. Mwingine ni yule mama anayevaa ufunguo wa stoo ya chama shingoni, hata akienda misa.

Vita ilinikuta na mume, nyumba ya matofali, ng'ombe wanne na mashine ya kushona. Iliponiacha nilikuwa na kitenge kimoja na mukono wa kushoto usionyooka. Waliochoma nyumba yetu ninawajua. Mumoja wao alikuwa anakunywa maziwa kwetu kila wiki. Leo anauza vitunguu sokoni, na tukikutana ananiuliza habari ya afya. Ninamujibu kwamba niko mzima. Tangu siku ile mpaka leo hakuna mutu aliyemuita pembeni akamuuliza hata neno moja. Ninaliandika hapa sababu linaenda pamoja na jambo la orkide, ingawa mutu mwingine anaweza kuona ni mbali.

Nilikimbia kwa miguu na kwa lori mpaka Nia-Nia. Kule nilipokelewa na mama mumoja Muislamu, mume wake alikuwa anachimba dhahabu. Alinipa mukeka, akanipa kazi ya kupika kwa wachimbaji, na hakuniuliza kabila langu hata siku moja. Alikuwa anafunga maua ya pori kwenye nguzo ya baraza, yale yanayoishi juu ya miti bila udongo, anayafunga na kamba ya mugomba. Mimi nilifikiri ni uchafu. Nikamuuliza yanakula nini. Akasema, "Yanakula hewa na subira." Nilikaa kwake miaka miwili karibu. Mama yule nikimukumbuka, hasira yangu inashuka mpaka magotini.

Niliporudi Bunia, vitu vyote nilivyopata vilikuwa na alama ya mashirika ya watu wengine. Bashi ya kufunika nyumba ilikuwa na alama. Sufuria ilikuwa na alama, blanketi nayo. Na kila kitu kilikuja na foleni, na mwisho wa foleni kulikuwa na mutu wa kusimama mbele yako na mutu wa kupiga picha, na ilibidi useme asante kabla picha haijapigwa. Sikatai, bashi ile ilinisitiri mvua tatu. Lakini mudomo wangu ulizoea. Mutu akinyanyua mukono tu mbele yangu, asante inatoka yenyewe, kama chafya.

Kisha nikapata kazi kwa masera, sista wa kanisa aliyetoka mbali.

Alikuwa muzee tayari, mufupi, mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Nyuma ya nyumba ya masera kulikuwa na kibanda cha mianzi, na ndani yake orkide za kupandwa, zile za fimbo: shina lake ni kama muwa mwembamba wenye vifundo, na maua yanatoka kwenye vifundo. Zilikuwa nyeupe zote, za kuweka altareni. Kazi yangu ilikuwa kufuta majani na kitambaa chenye maji, kupasua makala, yaani makaa, na vipande vya matofali vya kujaza vyungu, na kunyamaza. Masera hakupenda kelele asubuhi.

Aliniambia mambo ambayo sikuyasikia shuleni, na yote niliyashika. Kwamba mwezi wa kwanza, jua likikausha, usiinyweshe orkide kila siku. "Ukiipenda sana itakuzalia watoto tu," alisema. "Uinyime kidogo, itakupa maua." Watoto ni vichipukizi vinavyoota juu kwenye fimbo, na mizizi yao inaning'inia kama ndevu, unavitoa, unavifunga kwenye chungu kingine na utepe wa soksi ya zamani, navyo vinakuwa fimbo.

Siku moja nikakuta ua moja lina doa la zambarau kwenye mudomo, wakati wenzake wote katika musitari ule walikuwa weupe. Nikaogopa. Nilifikiri nimechanganya vyungu, na mimi nilikuwa sijamaliza hata mwaka kazini. Nikaenda kujisema mwenyewe kabla hajaona. Nilisimama mulangoni na kitambaa mukononi nikamwambia masera nimeharibu, anisamehe, siku ile nilikuwa na homa. Akaja kuangalia. Akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo.

"Hukuharibu kitu," akaniambia. "Imejigeuza."

Akanikalisha kwenye kiti, kitu ambacho hakuwa anafanya, akanifafanulia. Orkide zote zile zilikuwa mama mumoja. Si watoto wa baba na mama, hapana. Mwili mumoja uliokatwa-katwa, miaka na miaka, kila kipande kikapewa chungu chake. Ndiyo maana zinafanana kama mapacha. Lakini mwili ukijigawa mara nyingi vile, siku moja mahali fulani ndani, padogo kuliko ncha ya sindano, unakosea. Kosa likianguka kwenye jani, jani litakauka na mambo yameisha. Likianguka kwenye chipukizi, fimbo yote inakuwa kosa lile, na watoto wake wanalibeba. Rangi inaweza kugeuka, au umbo la ua, au jani likapata mistari. Alisema kule kwao maua mengi yanayoitwa kwa majina makubwa yalianza hivyo: tawi moja, kwa mutu mumoja, siku moja. "Wengine walikuwa na tawi lile lile, wakalitupa," akasema. "Yeye alikuwa na macho."

Nikamuuliza kama si uchawi. Akasema si uchawi. Nikamuuliza kama si ugonjwa. Hapo akafikiri, akaniambia maneno ambayo mpaka leo ninaweza kuyasema kama sala. Ugonjwa unakunja jani, unalitafuna kwa madoa-madoa, na mumea unadhoofika. Kujigeuza kunapiga mustari ulionyooka, toka chini mpaka ncha, na mumea unaendelea kula na kunywa. "Na ukitaka kuushika," akasema, "ukate wenye mizizi yake, uupande peke yake. Ukiuacha na wenzake, kijani kina nguvu. Kitaumeza."

Alipoitwa kurudi kwao, muzee vile, macho yanamukataa, aligawa kibanda chote. Mimi alinipa fimbo moja nyeupe. Aliifunga yeye mwenyewe katika gazeti. Sikusema asante, nilimushika mukono kwa mikono yangu miwili. Masera akanigusa shavu akaenda zake. Ninafikiri ile ndiyo asante moja ya kweli niliyotoa katika miaka ile, na haikutoka mudomoni.

Nikaipanda mutaa wa Bigo, katika kiwanja changu, parsele yangu, chini ya muti wa avoka, kwenye bidoni ya mafuta niliyoikata shingo na kuitoboa chini. Makala hayanunuliwi mbali, na vipande vya matofali vilikuwepo tele, vita ilituachia. Fimbo moja ikawa tano. Tano zikawa ukuta. Nikaanza kugawa watoto wake kwa wamama wa avenyu, na kwa jirani yangu wa nyuma ya lupango, ule ukuta wa parsele.

Jirani huyu inabidi nimuelezee. Ni wa wale watu ambao vita ilitufundisha siye kuwaogopa, na wao kutuogopa siye. Miaka ya kwanza tulikuwa tunasalimiana kwa kikohozi. Kisha siku moja kuku wake aliruka lupango akala nyanya zangu, tukagombana vizuri, kwa sauti, kama majirani wa kawaida, na baada ya ugomvi ule tukawa marafiki. Ni mama mwenzangu, mudogo kwangu kwa miaka michache. Ananiita yaya, dada mukubwa.

Chama cha maua kilizaliwa kwa ajili ya proje. Proje moja ilikuja ikasema wamama wanaweza kulima maua kwa ajili ya makanisa na arusi, itatupatia mafunzo na kibanda cha neti. Na aliyeletwa kutufundisha ni agronomu yule. Mimi nilikuwa ninamujua zamani, na hapa niseme ukweli, hata kama unaniuma. Aliwahi kutuokoa. Mihogo yetu ilipopata mozaiki, majani yakawa ya njano na kukunjana na mizizi ikawa kama vidole, ni yeye aliyepita shamba kwa shamba na koti yake ya kaki. Alisema: ukiona njano kwenye jani, ng'oa, choma, usimuonee huruma, sababu mumoja mugonjwa anaua shamba. Mimi nilikuwa wa kwanza kunyanyua mukono. Niling'oa shamba langu lote, nikachoma, watu wakaniita mwenda wazimu. Musimu uliofuata, aliniletea vijiti vizima vya kupanda, na tukala. Asante yangu ya siku ile ilikuwa ya moyo, na siirudishi.

Kwa hiyo muone namna mambo yalivyofungwa. Musitari wa kwanza wa njano ulipotokea kwenye mutoto mumoja wa orkide yangu, si agronomu aliyemuua. Ni mimi. Niliona njano, na mukono ukaenda peke yake kama ulivyofundishwa. Nikakata, nikatupa kwenye moto wa kupikia maharagi, nikaendelea kukoroga. Ni usiku kitandani ndipo sauti ya masera ilinirudia: mustari ulionyooka. Na ule ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Nililia. Niseme nini tena.

Lakini fimbo iliyozaa mutoto yule ilikuwa bado imesimama. Nikaanza kuipitia kila asubuhi kabla ya kuosha uso. Mvua nzima ilipita, kitu hapana. Kisha kwenye kifundo cha tatu kikatoka kichipukizi, jani la kwanza kijani, jani la pili kijani, la tatu likafunguka na njano ukingoni, pande zote mbili, kama kitenge kilichoshonwa utepe. Sikumwambia mutu. Nilingoja mizizi ifike urefu wa kidole, nikamutoa, nikamupanda peke yake katika bidoni ya njano iliyokuwa mpya, niliinunua kwa ajili yake.

Alichukua miaka miwili kuwa fimbo ya kuzaa ua. Nilimunyima maji mwezi wa kwanza, ninamupita na kopo mukononi nikijifanya simuoni. Mwezi wa tatu akafungua. Alikuwa mweupe bado katikati, lakini ukingo wa kila petali ulikuwa na rangi ya divai ya misa, nyembamba, kama vile mutu alichovya kidogo tu na kutoa. Na majani chini na utepe wao wa njano. Nilikaa juu ya bidoni tupu, nikaangalia mpaka sombe ikaungua.

Hii ndiyo sababu ninaandika. Tangu vita nilikuwa sina kitu ambacho hakikupita kwenye mukono wa mutu mwingine. Bashi ilitolewa, kazi ilitolewa, hata fimbo nyeupe ilitolewa. Hii haikutolewa na mutu. Ilijigeuza kwangu, katika parsele yangu, juu ya matofali ya nyumba zilizochomwa, na ni mimi niliyekuwa na macho. Katika Bunia nzima ilikuwa moja, labda popote. Sikutaka iniletee kitu. Nilitaka tu iendelee kuwepo.

Jirani yangu ndiye wa kwanza kuiona, sababu anapita kwangu kuchota maji. Akaizunguka, mikono kiunoni.

"Yaya," akasema, "hii mutoto yako ilizaa na kabila ingine."

Nikamwambia, "Nyamaza, mama yake asisikie."

"Atasikia tu. Na ukoo utakataa mahari."

Tulicheka mpaka tukajifuta machozi na vitenge. Kuna miaka ambapo neno lile lingeua mutu katika muji huu. Ninamushukuru Mungu kwamba nimeishi mpaka kulicheka, tena na yeye.

Akaniomba mutoto wa ile ya mistari. Nikamwambia bado, ni mudogo, angoje. Presidanti wa chama naye alikuja kuiona, akaniomba. Naye nikamwambia bado. Akaniomba tena baada ya misa, mbele ya watu, nikamwambia mama, hata weye huwezi kutoa jino la mutoto aliyezaliwa jana. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Sisemi kwamba ndiyo sababu. Ninasema tu yalifuatana.

Siku ya ukaguzi, proje ilikuja kuangalia kama chama kinastahili kibanda cha neti. Tulipita parsele kwa parsele, agronomu mbele, presidanti pembeni yake na ufunguo wake, siye nyuma. Kwangu alisifu ukuta wa nyeupe. Kisha presidanti akamwambia kwamba kuna ingine, pale nyuma ya avoka. Nisingemuonesha mimi. Ni yeye aliyemupeleka.

Agronomu akachuchumaa. Akashika jani na vidole viwili.

"Mozaiki," akasema.

Nikamwambia hapana, bwana, hii imejigeuza. Nikamwambia masera yule aliyekuwa na kibanda alinifundisha, ugonjwa unakunja jani, hii haikukunjana, angalia mustari, angalia fimbo ilivyo na nguvu, na mwaka huu imetoa maua saba. Nilisema haraka na vibaya, maneno yanapandana. Yeye akaningoja nimalize, na hiyo ndiyo ilinimaliza, namna alivyoningoja.

"Masera alisoma agronomi?"

"Sijui, bwana. Alikuwa na orkide miaka mingi."

"Na weye, mama, umesoma mwaka wa ngapi?"

Nikasema wa tatu primeri. Mutu mumoja nyuma akacheka kidogo, si kwa ubaya, vile tu watu wanachekaka. Agronomu akageukia wamama wote akauliza tulifundishwa nini juu ya njano kwenye jani. Wakaitika pamoja, kama katekisimu: ng'oa, choma, usimuonee huruma. Nami nilikuwa ninaitika. Mudomo wangu uliitika pamoja nao, mbele ya mutoto wangu.

Presidanti akanisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, utatukosesha kibanda kwa ajili ya ua moja? Wote hawa?"

Niliwaangalia. Kulikuwa na mujane mwenye watoto sita. Kulikuwa na mama ambaye mume wake alibaki kwenye shimo la dhahabu. Nikafikiria labda wao wana haki, labda mimi ndiye nimepotea, mimi ni nani wa kujua jani. Nikaikumbatia orkide, nikaibeba mpaka kwenye pipa. Mengine mumesikia.

Baada ya siku ile sikugusa maua wiki tatu. Nyeupe zilikauka ukingo. Sikwenda chama. Nilikutana na muuza vitunguu sokoni, nikaona kitu kipya, kwamba nilikuwa ninamuogopa kidogo, kama zamani. Kumbe moto ni moto tu. Mwili hauulizi ni wa nini.

Kisha asubuhi moja jirani yangu akaja bila ndoo. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga mukononi, amelifunika na kitambaa. Hakunisalimia. Akasimama pale mulangoni, kama mimi niliposimama kwa masera, akasema:

"Yaya, mimi ni mwizi."

Nikamuuliza ameiba nini.

"Kabla ya wale kuja. Wiki ya Pasaka, ulienda kanisa. Ulisema bado, bado, bado, na mimi roho ilinikamata. Nilikata kamoja kadogo kwa nyuma, pale usingeona. Nilikusudia kukwambia kakikua." Akafunua kitambaa. "Piga kama unataka kupiga."

Ndani ya kopo, katika makala, kulikuwa na kichipukizi kirefu kama kidole cha kati. Majani mawili ya chini yalikuwa kijani kabisa, na nilijua: kijani kina nguvu. Lakini la tatu, lile lililokuwa bado limejikunja, lilikuwa na uzi wa njano upande mumoja. Upande mumoja tu. Umenyooka.

Sikumupiga. Nilimwambia ni mwizi mubaya, kuku wake ni mwizi na yeye ni mwizi, ukoo wote, na nikamukumbatia, tukakaa chini pale mulangoni, wamama wazima, kama watoto waliopotea wakapatikana. Nilimushukuru. Nilimushukuru kwa maneno mengi, na hakuna neno hata moja lililotoka lenyewe, yote niliyatafuta. Fikiri: niliyemuamini aliniunguzia, na aliyeniibia ndiye alinilindia.

Kopo lile liko kwake bado. Nimesema libaki pale, upande wake wa lupango, sababu kwangu watu wanajua njia. Kila asubuhi ananiita juu ya ukuta kunipa habari: jani la nne limetoka kijani, la tano limetoka na njano pande zote mbili. Hatujui bado. Inaweza kurudi nyeupe tupu ya kawaida. Inaweza kukua miaka miwili na kutuonesha tena ukingo wa divai. Masera angesema tukate kijani kikizidi. Tunakata. Kisu tunakipitisha kwenye moto wa mushumaa kwanza, kama alivyonifundisha.

Ninamushukuru masera, popote alipo, kama bado yuko. Ninamushukuru mama wa Nia-Nia kwa hewa na subira. Ninamushukuru mwizi wangu. Hata avoka ninaishukuru kwa kivuli. Nikihesabu walionitendea mema ninamaliza vidole, na ni kwa ajili yao ninaweza kuandika bila kutukana.

Lakini weye, bwana agronomu, na weye, mama presidanti, hamumo katika hesabu hiyo kwa siku ile. Mumenitumia ujumbe kwamba nisahau, kwamba kibanda cha neti kimesimama na nitapewa miche mipya kumi, ya rangi ninayotaka. Miche hiyo siichukui. Asante yangu ya pale kwenye pipa ninaitaka irudi. Haikuwa yenu, ilitoka kwa uoga.

Nyumba yangu ilichomwa na hakuna mutu aliyeulizwa. Nimezeeka nikingoja waulizwe, na ninajua sitaona. Hili dogo nitaliona. Mukuje katika parsele yangu, mchana, musimame pale pale penye pipa, mbele ya wamama wale wale, na jirani yangu akiwa amebeba kopo lake. Sitaki kitu mukononi mwenu. Bwana agronomu, weye ulishika jani lile na vidole viwili. Uliona mustari, ulikuwa umenyooka toka chini mpaka ncha, na jani halikukunjana. Mihogo umeiona maisha yako yote. Unajua mozaiki inavyokunja. Kabla ya kuniuliza nilisoma mwaka wa ngapi, kwa nini hukuuliza jani?

Nijibu. Ninakaa hapa, juu ya bidoni tupu, nikikungoja.